Mwanangu, usikaange kaimati na mtoto mgongoni

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpenzi Zuwena,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakufikia huko Igoma kabla hamjamaliza kufunga mizigo, kwa kuwa ninampa mdogo wako Hamisi ailete leo hii hii pamoja na ile sufuria ya shira uliyoisahau hapa. Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mnayeishi naye mji mmoja na ambaye simu yake ina salio. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikianza kukueleza jambo hili kwa mdomo unacheka, unasema "nimesikia mama", kisha unaniuliza habari za jirani. Barua haikatizwi.

Jambo lenyewe ni moja, na nitalirudia hadi ulichoke: usikaange kaimati ukiwa umembeba mwanao Nasri mgongoni, wala usimwache mtoto huyo akatembea karibu na karai lililo motoni.

Jumanne iliyopita, katika mtaa wa pili kutoka hapa, mtoto wa umri wa Nasri alivuta ncha ya kanga iliyokuwa imefunikwa juu ya kigoda karibu na jiko, na kigoda kilipoanguka kililigonga karai la maandazi. Mama yake alikuwa ameingia ndani kuchukua chumvi tu. Mtoto yuko hospitali, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba anaendelea vizuri, lakini tangu siku hiyo sijalala usingizi wa kueleweka, kwa sababu kila nikifumba macho ninaiona ile nyumba mliyopangishwa Kashai, huko Bukoba, yenye jiko la uani ambalo mumeo alinionyesha kwenye picha, na ninauona mlango ule usio na kitasa.

Usifikiri kwamba ninaipinga biashara yako. Mumeo amehamishiwa Bukoba, mshahara haukuongezeka kwa kiasi cha kodi ya nyumba, Ramadhani inakaribia, na mtu mwenye mkono kama wako akikaa bure mwezi mzima wa futari atakuwa amejidhulumu. Nimefundisha sayansi kimu miaka mingi na nimeona mikono ya wanafunzi wengi ikichezea unga, nami nakwambia bila kukupaka mafuta kwamba kaimati zako zimezidi zangu. Zangu huwa na mkia. Zako hutoka mviringo, ganda lake jembamba, ndani zina uwazi ambao shira huufikia bila kuulowesha unga. Hilo halifundishiki darasani, na sikuwahi kukuambia kwa sababu ulikuwa na tabia ya kuvimba kichwa ukisifiwa, tabia ambayo sijui kama imekutoka.

Lakini hebu tuutazame huo mkono wako wakati wa kazi. Unachota unga kwa mkono wa kushoto, unaukamua utokeze kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha unalikata donge kwa kijiko ulichokichovya kwenye bakuli la maji ili unga usinate. Hapo ndipo penye hatari, nami nimeitazama mara nyingi nikanyamaza. Kila unapochovya kijiko majini, tone moja au mawili hubaki kwenye ubapa wake na huingia karaini pamoja na donge. Mafuta yaliyo tayari kwa kaimati yana joto la nyuzi 170 hadi 180, wakati maji hugeuka mvuke yakipita kidogo tu nusu ya safari hiyo, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile iliyochukuliwa na maji yenyewe. Tone likizama chini ya mafuta halina pa kwenda isipokuwa juu, na likipanda hurusha mafuta. Wewe husema "karai linatema", ukajifuta mkono, ukaendelea. Mkono wako umezoea. Mguu wa mtoto unaoning'inia chini ya kwapa lako haujazoea, na ngozi yake ni nyembamba kuliko yako.

Kwa hiyo chovya kijiko katika mafuta, si katika maji. Weka kibakuli kidogo cha mafuta ya baridi pembeni, uchovye humo. Utaona unga unateleza vizuri zaidi hata kuliko kwa maji, na karai litatulia. Iko pia ile kaimati inayopasuka yenyewe: moto ukiwa mkali mno ganda hujifunga haraka, unga wa ndani bado mbichi na umejaa maji na hewa ya hamira, na baada ya muda donge hupasuka kwa kishindo. Dawa yake ni moto wa wastani na kulizungusha donge tangu linapoibuka juu ya mafuta, ukilimwagia mafuta mgongoni kwa upawa wa matundu, hadi liwe na rangi ya dhahabu pande zote. Ukikimbiza moto ili uwahi foleni ya wateja, utapata kaimati nyekundu nje na tope ndani, na utapata mlipuko.

Sasa fikiria mwili wako ukiwa umeinama. Mtoto aliye kwenye mbeleko hainami pamoja nawe kama unavyodhani. Kichwa chake hutokeza juu ya bega lako, na mkono wake huja mbele kutafuta kile unachokishika, kwa sababu Nasri sasa yuko katika umri wa kutaka kila kitu. Ukihisi amejirusha, silika yako ni kuweka mkono nyuma ili umdhibiti, na mkono huo huo ndio uliokuwa umeshika upawa. Najua utanijibu kwamba wewe mwenyewe ulikulia mgongoni mwangu mbele ya karai hapa hapa Kirumba na hukupata hata lengelenge. Jibu hilo umeshanipa na bibi yako alinipa pia, tena kwa sauti ya juu. Sitaki kujibizana nalo. Zama zile kulikuwa na mashangazi wanne uani, na hata hivyo kuna jioni ambazo sipendi kuzikumbuka. Wewe Bukoba huna shangazi.

Nililoliona katika picha za mumeo na kunitia hofu zaidi ni ule mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Mtungi huo ni mzuri kwa chai na kwa sufuria ya wali wa watu watatu. Haukutengenezwa kubeba karai pana lenye lita tatu za mafuta, kwa sababu mzigo wote unakuwa juu na tako la mtungi ni dogo. Mtoto akiegemea, au wewe mwenyewe ukiukwaza kwa goti, unapinduka. Na kwa kuwa umeniita mwoga, acha niwe mwoga kamili: Bukoba ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9 tarehe 10 Septemba 2016, nyumba zikaanguka na watu wakafa, kwa hiyo huko hata ardhi yenyewe si ya kuiegemezea karai. Mwambieni fundi awajengee meza ya matofali yenye kimo cha kiuno chako, yenye ukingo wa tofali moja kuzunguka mahali pa jiko, na uweke jiko la sahani lenye miguu, mtungi ukae mbali nalo kwa urefu wa mpira wake. Matofali hayazidi mzigo wa mkokoteni mmoja. Ukikosa fedha za fundi, niambie mapema, usiniambie baada ya kuanza kukaanga chini sakafuni.

Karai nalo usilijaze. Mafuta yasipite nusu ya kina chake, kwa kuwa unga ukiingia mafuta hupanda, na ukitia madonge ishirini kwa pupa hupanda zaidi. Ninakuletea karai langu kubwa la bati nene kwa sababu hiyo hiyo. Lile lako la aluminiamu jembamba limebonyea kitako na linacheza jikoni. Limpe Hamisi alirudishe hapa, nitalitumia kuogeshea kuku.

Kuna jambo la mafuta yenyewe ambalo linahusiana na usalama ingawa wewe unalihesabu kuwa suala la gharama. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huwa meusi, hutoa povu, na huanza kutoa moshi katika joto dogo kuliko yalivyokuwa mapya. Yaani yale unayoyaona kuwa yamezoea kazi ndiyo yanayowaka upesi. Ukiona moshi mwembamba wa samawati juu ya karai, hapo uko njiani kuelekea kwenye moto, si kwenye kaimati nzuri. Tumia ya alizeti au ya pamba yaliyosafishwa, yachuje kila siku kwa kitambaa ili makombo yasiungue tena kesho, na yakishabadilika harufu yamwage, hata kama moyo unauma. Mimi moyo huniuma kila mara. Yamwage hata hivyo.

Na mafuta yakishika moto, usiyamwagie maji. Narudia, Zuwena, usiyamwagie maji, hata kama jirani anakuja mbio na ndoo na anapiga kelele kwamba wewe ni mjinga. Maji yatazama, yatageuka mvuke, na yatanyanyua moto hadi kwenye bati la paa. Zima gesi, funika karai kwa mfuniko kutoka upande wako kwenda mbele ili moto usikurudie usoni, uondoke, uache lipoe lenyewe. Kwa ajili hiyo ninakupa mifuniko miwili, na mmoja usitumike kwa kazi nyingine yoyote. Usiuone uko safi ukaanza kufunikia mchele.

Mtu akiungua, awe ni wewe au mwingine, ambaye sitamtaja, mpeleke kwenye maji ya bomba yanayotiririka na umwache hapo dakika 20 kamili kwa saa. Maji ya kawaida, si barafu. Vua nguo iliyolowa mafuta ikiwa haijanata, funika kwa kitambaa safi, uende hospitali. Dawa ya meno, asali, yai, unga wa ngano, majivu na siagi vyote vibaki mahali pake. Hivyo huziba joto ndani ya jeraha na kumpa daktari kazi ya kusafisha. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko hapo hapo mjini Bukoba. Ijue njia yake siku ya kwanza, kabla hujajua njia ya sokoni.

Nimeandika hofu kurasa nzima, na huenda umeanza kusinzia, kwa hiyo nikueleze mambo ya unga ambayo huko yatabadilika, kisha nitarudi.

Bukoba ina mvua karibu mara mbili ya Mwanza, na hewa yake ni ya unyevu na ubaridi kuliko hii ya kwetu ya mawe yanayohifadhi jua. Unga wa ngano ulioachwa wazi huko huvuta unyevu, hivyo usipime maji kwa kumbukumbu ya mkono. Kwa nusu kilo ya unga tia kijiko kimoja cha chai cha hamira, kikombe kimoja cha mtindi, chembe ya chumvi na iliki uliyoitwanga mwenyewe, kisha ongeza maji ya vuguvugu kidogo kidogo hadi unga uwe mzito wa kudondoka kwa uvivu kutoka kiganjani. Maji yakiwa ya moto ya kuunguza kidole, hamira hufa; hiyo ni hai, si poda tu. Upige kwa mkono hadi utoe sauti ya kupasuka mapovu, uufunike, na uusubiri. Hapa Kirumba huumuka ndani ya saa moja. Huko, siku ya mvua, utasubiri zaidi, na usijaribu kuuharakisha kwa kuongeza hamira, kwa kuwa kaimati zitanuka pombe na wateja wako wamefunga. Kaimati zikishaiva pia zitalegea ganda haraka kutokana na unyevu, kwa hiyo zikaange karibu na Magharibi, kwa mafungu madogo. Shira haitakusumbua, kwa sababu mji huo na huu ziko ukingoni mwa ziwa lile lile, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka sawasawa pande zote mbili. Endelea kuipima kwa vidole: ikivutika uzi mmoja kati ya gumba na shahada, ipua. Matone machache ya ndimu yasikose, la sivyo sukari itaganda na kuwa chembe chembe kabla ya kufuturu.

Watakuja watu wa pwani wakuambie kwamba kaimati bila tui la nazi si kaimati. Usigombane nao. Bibi yako alitoka Bagamoyo, akapanda treni hadi hapa kwenye reli ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa muda alikuwa akiagiza nazi kutoka pwani kana kwamba ameacha mume huko. Nazi zilifika zimeoza maji au zimepanda bei, wakati Wasukuma walikuwa wakipita mlangoni na vibuyu vya maziwa mgando. Aliacha nazi. Ule ukali kidogo wa mtindi ndio unaotofautisha kaimati za nyumba yetu, na huko Kagera hutakosa maziwa. Kwa hiyo usibadilishe kitu hicho kwa ajili ya mteja mmoja mwenye maneno mengi.

Ulinionyesha pia picha za kaimati zilizomwagiwa chokoleti, ukaniuliza kama sioni kwamba sisi tumepitwa na wakati. Kitu hiki kimezunguka sana kabla yetu, mwanangu. Wapishi wa Baghdad walikuwa wakikaanga madonge haya na kuyatia shira tangu karne ya 13. Waarabu wa Ghuba huyaita luqaimat na wengi huyamwagia asali ya tende na ufuta, Wagiriki hutia asali ya nyuki na mdalasini, na huko Izmir, Uturuki, watu huyakaanga barabarani na kuyagawa bure kumkumbuka marehemu wao, kama sisi tunavyogawa pilau ya arobaini. Na wenzetu Wahindi wa hapa mjini wana gulab jamun yao, ambayo huikanda kwa maziwa yaliyochemshwa yakakauka, bila hamira, wakailaza ndani ya shira hadi inywe ishibe. Kila mmoja ana yake na ni tamu. Mimi nasema uanze na ile unayoiweza kufumba macho, uuze Ramadhani nzima, kisha baada ya Idi ucheze na chokoleti ukitaka. Tena uza pamoja na kahawa chungu. Unakwenda kwenye mkoa wa kahawa, itakuwa aibu kuwauzia soda.

Kuhusu sukari, nunua ya mwezi mzima kabla ya mwezi kuandama kama fedha inaruhusu. Unakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño zilipovuruga mashamba ya miwa na kilo moja ikafika shilingi 4,000 na zaidi sehemu nyingine. Usijidanganye kwamba kwa kuwa kiwanda cha sukari kiko Missenyi, mkoani humo humo, basi dukani Kashai itakuwa rahisi. Uliza kwanza. Na bei ikipanda, punguza idadi ya kaimati katika sahani, usipunguze uzito wa shira, kwa kuwa mteja huhesabu lakini ulimi wake hausamehi.

Nimesema nitarudi, nami nimerudi. Saa za kukaanga futari ni kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili, na hizo ndizo saa ambazo Nasri ameamka usingizini, ana njaa, na anataka kubebwa. Ndiyo maana ninajua utambeba. Hutambeba kwa ukaidi. Utambeba kwa sababu analia na wateja wamesimama. Kwa hiyo mpango lazima uwepo kabla ya kilio. Shira ipike asubuhi mtoto akiwa amelala. Unga uuandae baada ya Adhuhuri. Wakati wa karai mtoto awe mikononi mwa mtu mwingine, ndani ya chumba chenye mlango uliofungwa, na mtu huyo asiwe mtoto wa jirani mwenye umri wa miaka saba ambaye naye atavutiwa na harufu. Nimezungumza na shangazi yako wa Ukerewe. Binti yake mkubwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri matokeo, na yuko tayari kuja kwako kwa mwezi wa Ramadhani. Nauli yake nitalipa mimi. Wewe umpe chakula, kitanda na zawadi ya Idi ya heshima, si kanga ya bei ya mwisho. Mumeo amekubali, nilimpigia simu kabla yako, na usinikasirikie kwa hilo, kwa kuwa yeye alinisikiliza hadi mwisho. Siku ambayo binti huyo anaumwa au amekwenda sokoni na mumeo hajarudi, hukaangi. Waandikie wateja kwamba leo hakuna kaimati. Watakula tende.

Utasema kwamba ninaogopa karai kuliko ninavyoogopa safari yenyewe, na ni kweli. Mizigo inakwenda kwa meli na ninyi mnakwenda kwa basi kupitia daraja la Kigongo–Busisi, na hilo limenipunguzia mzigo moyoni, kwa kuwa mtu aliyekuwa hapa Mwanza tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, hawezi kumuaga mtoto wake bandarini kwa moyo mweupe. Lakini meli ina nahodha, na basi lina dereva. Karai lina wewe peke yako.

Sasa mambo ya nyumbani. Hamisi alirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya mchango wa chakula, nimeshaulipa, lakini ukipata chochote katika wiki ya kwanza ya mauzo umtumie fedha ya madaftari, na umtumie yeye moja kwa moja ili ajue dada yake anamkumbuka. Bomba la uani limeanza kuvuja tena pale pale. Paka amezaa ndani ya kapu la upawa wako, kwa hiyo upawa utaupokea ukiwa umeoshwa kwa maji ya moto, usiwe na wasiwasi. Jirani yetu wa chini, yule mwenye duka la vipuri, ameagiza kaimati za hitima ya baba yake kwa Ijumaa ijayo na alitaka zako. Nimemwambia umehama, akanyamaza, kisha akasema basi hata zangu zitafaa. Nimemwongezea bei.

Vitu ninavyovituma kwa Hamisi ni hivi: sufuria ya shira, karai kubwa, mifuniko miwili, upawa wa matundu, kibakuli cha bati cha kuchovya kijiko, na mfuko wa iliki ambayo nimeitoa Zanzibar kupitia kwa mtu, hivyo usiitie ovyo kwenye chai. Karai limefungwa pamoja na mifuniko kwa kamba ya katani. Mwambie mumeo asiifungue bandarini ili kupanga mizigo upya, kwa kuwa anayo tabia hiyo, na mfuniko mmoja ukibaki Mwanza itakuwa kazi bure.

Nipigie mkishafika, na usinipigie ukiwa unakaanga.

Mama yako

Nyongeza: Yule mama wa Pasiansi amelipa deni lake la kaimati za Maulidi, lakini amepunguza elfu tatu, akisema kwamba zile sahani mbili za mwisho zilikuwa zimepoa. Nimezipokea. Fedha hizo zimo ndani ya mfuko wa iliki, na zinatosha kununulia kitasa cha mlango wa jikoni.